Kikoba kimevunjwa, mume wangu sijamwambia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Segerea na mume wangu na watoto wetu wawili. Mkubwa yuko darasa la pili, mdogo yuko chekechea. Jina langu naomba usilitoe, ndugu zake wanasoma hapa.

Tulioana 2016, tukaanzia maisha Mwananyamala, chumba na sebule, choo cha nje tunachangia na wapangaji wengine wanne. Shangazi, sijapata kuwa na raha kama ile. Mume wangu ni fundi umeme wa kuajiriwa na mikono yake haijui kutulia. Jumamosi tulikuwa tunapanda daladala hadi Keko, tunachagua mbao, tunarudi nazo, yeye anakata mimi nashika. Kabati la vyombo tulilonalo mpaka leo tulilipaka vanishi wenyewe, mimi nina mimba ya miezi saba, nimejifunga kanga puani kwa ajili ya harufu. Ubavuni kuna alama ya kiganja changu, niliegemea kabla haijakauka. Nilimwambia aipige msasa, akakataa.

Halafu kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi ilikuwa yetu. Tunakwenda Coco Beach, mihogo ya kukaanga na ile pilipili yao, mishikaki miwili miwili, dafu moja tunakunywa wote, tunakaa kwenye mawe mpaka giza linaingia. Hela hatukuwa nayo. Mara nyingine tulitembea kwa mguu mpaka Morocco ndipo tupande gari.

2020 tukanunua kiwanja Chanika, hatua 20 kwa 20. Kwenye bei ile mimi nilitoa laki nane. Mkataba uliandikiwa ofisi ya serikali ya mtaa, mnunuzi akaandikwa yeye, mimi nikasaini kama shahidi. Siku ile sikuona tatizo lolote.

Tukahamia Segerea, kodi ipungue na tuwe karibu na kiwanja. Tangu hapo Ijumaa zimekufa. Mshahara ukitoka ni tofali, ukitoka tena ni nondo, tripu ya mchanga, kokoto, maji ya kumwagilia. Jumamosi anaondoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi magharibi na saruji kwenye nyusi. Anakula huku anapiga hesabu nyuma ya boksi la sabuni.

Mwaka jana siku ya ndoa yetu nilimwomba tutoke, akakubali mwenyewe kwa moyo mmoja. Nikasuka, nikavaa gauni nililoshonesha kwa siku hiyo. Saa moja usiku fundi akapiga simu, lori la mchanga limekwama njiani. Akaondoka. Nilikaa na gauni langu mpaka saa nne, watoto wamelala kwenye kochi na viatu miguuni. Aliporudi akasema, "Pole mama watoto, ila mchanga umeshuka wote." Alikuwa na furaha, Shangazi. Hiyo furaha ndiyo iliyoniuma.

Kingine kidogo tu. Ramani ya nyumba tuliichora wawili kwenye daftari la mtoto. Mimi niliomba kitu kimoja, dirisha la jikoni litazame mwembe ulioko uani, ili watoto wakicheza niwaone. Mwezi wa kumi na moja nilipeleka chakula cha mafundi, nikakuta pale pa dirisha pamejengwa tofali mpaka juu. Fundi akanijibu, "Mama, mzee kasema tuhamishie upande ule, huku jua la jioni litakuunguza." Sikusema neno. Nikawapakulia wali.

Sasa naja kwenye lililonifanya niandike. Kikoba chetu kilivunjwa mwezi wa kumi na mbili, nikapata milioni mbili na laki nne. Kuta zimekamilika, linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, imefungwa, na mume wangu anataka apaue kabla ya masika. Anapungukiwa kama milioni mbili na nusu. Kila siku ananiuliza kikoba chenu kinavunjwa lini. Nimemwambia wamesogeza mpaka mwezi wa nne. Ni uongo. Pesa iko kwenye simu yangu, na laki moja nimeshaitumia. Nimetoka na wenzangu wa kazini mara mbili, nyumbani nikaaga kwamba nakwenda kwenye kikao. Siku ya pili nilicheka mpaka machozi, halafu ndani ya bajaji narudi nikalia kweli.

Mama mkwe anasema mwanaume anayejenga anaombewa dua, halaumiwi. Wao walikuwa wanakaa Jangwani, mafuriko ya 2011 yakawatoa wakahamishiwa Mabwepande, kwa hiyo kwake nyumba ni kila kitu. Rafiki yangu anasema nisitoe hata senti moja, wanaume wakimaliza nyumba wanamwingiza mwingine. Mimi siamini kama ana mwanamke. Ila naona kwenye ndoa hii nimebaki mchangiaji.

Nimpe hiyo pesa? Nimwambie nilidanganya? Au nikae kimya mpaka mvua zipite?

Mama wawili, Segerea

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu mkononi, na kabla ya yote nikushukuru kwa kuniamini. Kumwandikia mtu usiyemjua kwamba umemdanganya mumeo si jambo dogo. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, na mimi kwenu silali. Kwa hiyo nitakayosema yapime kwa unavyowajua wewe watu wako.

Nikielewa vizuri, unaniambia hivi: una mume mchapakazi, asiye na makuu, anayejenga kwa jasho lake. Na kwenye ujenzi huohuo amekupotea. Umeshika pesa anayoihitaji, umeificha kwa uongo, na sasa uongo umeanza kukulemea kuliko hata ule upweke uliokufanya uuseme. Unaniuliza habari ya pesa. Nitafika huko, lakini nivumilie kidogo.

Umeieleza Coco vizuri mpaka mihogo nikaisikia harufu. Gauni umelieleza. Lakini lile dirisha umeliita "kingine kidogo tu", ukalipitisha haraka kama mtu anayefunika sufuria. Mimi nilisimama hapo. Maana angalia, mwanangu: Mwananyamala mlikuwa na miradi pia. Keko ilikuwa mradi. Kabati lilikuwa mradi, tena ulilifanya na mimba ya miezi saba. Hukuwahi kumwonea wivu msumeno. Kwa hiyo sidhani kama ugomvi wako ni kati ya nyumba na matembezi. Kwenye kabati ulishika brashi, na kiganja chako kikabaki pale, yeye akakataa kukifuta. Chanika unapeleka wali. Fundi wa kulipwa alijua habari ya dirisha lako kabla yako wewe. Naweza kuwa nimekosea, lakini jiulize ukiwa peke yako: angekurudishia Ijumaa zote kumi na mbili za mwaka, na lile dirisha likabaki limezibwa, moyo wako ungetulia?

Kuna mstari mwingine umeupitisha mbio. Jangwani, 2011. Umeuandika kama habari ya mama mkwe, nami nakuuliza kuhusu mwanawe. Ile ilikuwa Desemba, mvua ikapiga siku mfululizo, bonde la Msimbazi likajaa, watu wakapanda juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa. Waliohamishiwa Mabwepande walianzia kwenye mahema. Mumeo wakati ule alikuwa kijana mkubwa tu. Amewahi kukusimulia usiku ule? Alimbeba nani? Kitanda cha mama yake kilikwenda wapi? Sisemi kwamba kila anayekimbizana na masika amewahi kuzama. Nasema kwamba mtu aliyeona maji yanaingia mlangoni akisikia neno "masika" hasikii unachosikia wewe. Inawezekana ile haraka haina uhusiano wowote na kukusahau. Inawezekana kichwani mwake anakubeba wewe na watoto kila Jumamosi, ila hajui kukwambia.

Hapo nina la kwangu la kukuhadithia. Mimi na marehemu mume wangu tulijenga Mbagala, na mwenye homa ya ujenzi nilikuwa mimi. Nilikuwa nauza vitenge Kariakoo, kila elfu iliyobaki ikawa tofali. Yeye alipenda muziki wa dansi. Jumamosi jioni alikuwa anapiga pasi shati lake la mistari, analitundika mlangoni, ananiuliza, "Mama, leo?" Nami namjibu, "Tukishahamia." Nilikuwa simdharau, mwanangu. Kila tofali niliona ninampa zawadi, na nilikuwa nakasirika kimoyomoyo kwamba hashukuru. Ndiyo maana uliposema mumeo alirudi saa nne usiku na furaha ya mchanga, nilimwelewa. Yeye alidhani amekuletea kitu. Na nilikuelewa wewe na gauni lako pia, maana lile shati bado naliona. Nyumba sijutii, vyumba viwili vya uani nimepangisha na ndivyo vinavyonitibu leo. Najutia zile Jumamosi.

Sasa pesa.

Ukimpa yote kimya kimya, atapaua, na furaha itakuwepo wiki mbili tatu. Hofu yangu ni kwamba utakuwa umenunua amani kwa pesa na kinyongo umebaki nacho. Baada ya bati kuna plasta, kuna vigae, kuna milango, na kila hatua itahitaji kikoba kingine. Utachoka, na siku ukichoka utasema yote kwa mkupuo mmoja, kwa maneno ambayo hamtaweza kuyarudisha.

Ukikaa kimya mpaka mvua zipite, fikiria kikoba kina wanawake wangapi, na kila mmoja ana mume, dada, wifi. Habari za kuvunja kikoba hazikai. Akiisikia msibani au kwenye daladala, hatakuuliza kuhusu dirisha wala gauni. Atauliza kuhusu uongo, na ile haki yako yote itazama humo. Na vile vikao vya uongo atavipa maana yake mwenyewe. Kutoka na wenzako siyo kosa. Mtu anayefanya kazi na kulea anahitaji kucheka. Lakini wewe mwenyewe umeniambia ulilia kwenye bajaji, na nadhani unajua uliyetamani acheke na wewe ni nani.

Kusema ukweli nako kuna hatari, sikufichi. Anaweza kukasirika. Anaweza kusema "kumbe", akanyamaza siku tatu. Unamjua kuliko mimi: akikasirika huwa anafoka kisha yanaisha, au anajifungia? Ana mkono mwepesi? Hukugusia, nami nachukulia hana, lakini kama yupo hivyo, usiyaseme haya ukiwa naye peke yako. Kama ni mtu wa kujifungia, ujipe subira ya zile siku tatu. Wengine wanaona heri waanze na uchungu kabla ya pesa, yaani kumwambia kwanza, "Lile dirisha liliniumiza, nikaogopa kukwambia, nikaanza kuficha mambo," kisha pesa ifuate. Wengine wanaona heri wataje pesa mara moja, wautue mzigo. Sijui ipi ni yako.

Kuhusu haraka ya kupaua, ulizeni fundi mwingine ambaye hapati kitu kwa jibu lake. Ukipita njia ya Pugu kuelekea Chanika unaona kuta za tofali za saruji zilizosimama bila paa msimu baada ya msimu. Lakini ardhi ile ina miinuko na mabonde. Kama kiwanja chenu kimekaa kwenye mteremko, huenda hatari iko chini kwenye msingi, maji yanapopita, na mtaro wa laki mbili ukawa na maana kuliko bati kwa sasa. Au huenda yeye yuko sahihi kabisa. Muhimu ni kwamba jibu mlisikie wote wawili, mmesimama pamoja pale kiwanjani.

Na kuna ile karatasi. Mwanangu, ulitoa laki nane ukasaini kama shahidi. Hili nalisema bila kumtuhumu mumeo, maana ndoa nyingi nzuri zimeandikwa vibaya. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huhesabiwa kuwa ya huyo mmoja mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, huhesabiwa mna haki sawa. Sheria hiyohiyo inazuia mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, ila hapo Chanika bado hamjahamia. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema tangu 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Kwa hiyo huna mikono mitupu. Lakini kuthibitisha mahakamani ni safari ndefu, na kuandika majina mawili ni safari ya asubuhi moja. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wanatoa msaada wa kisheria hapa Dar es Salaam. Wanaweza kukueleza mkataba wa namna hiyo unarekebishwaje kabla hamjaanza kufuatilia hati.

Ugumu uko kwenye namna ya kumwambia. Ukilileta jambo la majina siku hiyohiyo ya pesa, anaweza kulisikia kama biashara: nipe jina nikupe bati. Ukilichelewesha, pesa itakuwa imeshapanda juu ya paa. Mwanamke mmoja aliwahi kuniandikia kwamba alimwambia mumewe, "Nataka watoto wakisoma karatasi ile siku moja, waone tulikuwa wawili." Yule mume alikubali. Wako simjui. Lakini sentensi ile haikuwa na mashtaka ndani yake, nikaipenda.

Rafiki yako na mama mkwe wako wote nimewasikia. Mmoja anaogopa yaliyowapata wanawake wengine, na ni kweli yamewapata. Mwingine anaogopa maji. Hakuna hata mmoja wao aliyeiona ile alama ya kiganja kwenye kabati.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu inakuja. Sijui kama mtakwenda Coco. Kutoka Segerea ni mbali, na watoto watakuwa na usingizi. Mihogo inakaangwa Chanika pia. Ila kabla ya hapo, Jumamosi hii, kama unaweza, nenda naye mapema kabla mafundi hawajafika. Usibebe chakula. Simama pale jikoni, weka kiganja kwenye zile tofali, umwoneshe mwembe ulipo nyuma yake. Umesema linta imeshafungwa, na kama imepita juu ya ukuta ule, basi kwa kawaida panafunguka kabla ya plasta. Fundi aangalie kwanza, halafu ni nyundo, tindo na nusu siku. Jua la jioni mtatafutia pazia. Sikiliza atakavyokujibu, kisha uniandikie. Nitaingoja barua yako.

Shangazi